Yai la Kizingitini

Jumamosi, 10 Juni

Shule imekwisha. Daftari la kemia limebaki na kurasa safi nusu nzima, basi nitaandika humu. Hakuna wa kusoma. Nikianza kudhani yupo, nitaacha.

Jana ilikuwa sherehe ya kumaliza. Wenzangu walikuja na mama zao. Mimi nilikuja na Mama, na pia mdogo wangu Larie, wa wiki saba! Nina miaka kumi na minane. Mwalimu wa muziki akampa Mama mkono: hongera, mjukuu mzuri. Mama akacheka kwa sauti, mjukuu gani, mwalimu, huyu nimemzaa mwenyewe. Safu tatu za viti ziligeuka.

Halafu mkuu wa shule akiwa katikati ya hotuba, Larie akalia. Mama akafungua vifungo. Nimeandika neno lenyewe hapa, nikalifuta. Akampa. Basi. Mbele ya watu wote. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Larie hana saa. Anataka asubuhi, anataka tukianza kula, anataka akiwa ametoka kupata. Jioni ndiyo balaa: anashika, anaachia, analia, anashika tena, mpaka supu ya Mama inapoa mezani. Bibi Profira, mama yake Baba, ambaye nyumba hii ni yake, anasema huyu si mtoto, ni pampu ya kisima. Blauzi za Mama zote zina madoa mawili. Ninaanika nguo nyuma ya banda, barabarani zisionekane.

Jumanne, 15 Agosti

Sikukuu ya Mama Maria. Kanisa limejaa mpaka uani.

Sikupata nafasi chuoni. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Nasha Catinca ameniokoa, au ndivyo Bibi anavyosema. Nasha ni mama yetu wa ubatizo, aliyetushika sote kwenye birika la ubatizo, mimi na Larie, na nyumba yake iko ng'ambo ya uzio wetu. Ni mpishi wa shule ya chekechea. Anasema baada ya Krismasi watahitaji msichana wa kuwavalisha watoto makoti, kuwafuta pua, kuwalaza mchana. Akanishika kidevu: "Wee Ruxanda, utaweza? Msichana gani anazungumza na viatu vyake?" Nikasema nitaweza. Niliviambia viatu.

Tukirudi tulimkuta Mzee Onofrei njiani. Anaishi mwisho wa mtaa. Alikohoa kabla hatujamwona, kama anavyofanya siku zote, ili watu wapate muda. Mama mmoja mbele yetu akafunika kikapu cha vifaranga kwa kitambaa. Mzee akatema mate kando mara tatu, "isidhurike, isidhurike," akapita akitazama juu mitini. Ni mrudishwa. Alipokuwa mchanga aliachishwa ziwa, kisha mama yake akamwonea huruma, akamrudisha. Mtoto aliyerudishwa ziwani hukua na jicho baya. Akisifu ndama, ndama analala chini. Akisifu unga uliokandwa, hauumuki. Kila mtu anajua. Hajaoa.

Darasa la tano tulikuwa tukimwigiza, tunakohoa na kutema. Mimi nilikuwa hodari kuliko wote. Ndiyo mara pekee nilichekesha darasa.

Alhamisi, 14 Septemba

Larie amebadilika. Zamani alifumba macho, akanyonya kama anayefanya kazi ya kulipwa. Sasa ananyonya mara tatu, mlango unalia, anageuka kutazama — bila kuachia! Mama anapiga yowe na kucheka. Mbwa akibweka, anageuka. Bibi akipiga chafya, anageuka. Mama anampeleka chumba cha nyuma na kufunga mapazia, wawili peke yao gizani, ndipo anashiba. Mimi nimefurahi. Ndani ya mapazia hakuna anayewaona.

Ona nilivyo mbaya. Nilifurahi kwa sababu hiyo.

Nasha ananiita kila Jumapili baada ya ibada nimshike mjukuu wake, Anghelina, ili mkwewe apate kulala. Anasema nina mkono mzuri, mtoto akiwa kwangu hatapiki. Jumapili iliyopita nilisema, "Jamani, ana mashavu!" Mama alikuwa uzioni, akaniita kwa ukali: "Ruxanda! Tema kwanza!" Nikatema. Siku zote ananikumbusha. Nikisifu ua, tema. Nikisifu keki, tema. Mama za wenzangu hawana ugonjwa huu.

Jumapili, 5 Novemba

Larie anakula! Ugali wa mahindi na maziwa ya mgando, boga la kuponda, tufaha la kukwangua kwa kijiko. Mchana anamsahau Mama kabisa, ana kazi: kufuli la kabati, mkia wa paka. Ananyonya akiamka, ananyonya baada ya mchana, ananyonya kabla ya kulala. Kisha usiku anajilipa yote. Mama ana macho mekundu. Nasha anamcheka: "Mchana ameacha, usiku amekumbuka, huyo ni mwanamume kamili."

Kanisani leo. Ametambaa juu ya Mama, akaingiza mkono kifuani kwake, akavuta blauzi mwenyewe, akapiga kelele ya furaha. Padre alikuwa anasoma. Wavulana wa kwaya walicheka — Sandu pia, ambaye nilisoma naye. Nikatoka nje, nikasimama makaburini hadi ibada ikaisha. Mama hakuniuliza kitu. Njiani alisema tu, "Wewe ulikuwa unavuta kwa meno." Nilimwomba asiseme mambo hayo barabarani.

Jumatano, 20 Desemba

Siku ya kuchinja nguruwe. Ni lazima niandike sasa hivi, vidole bado vinanuka moshi.

Watu walikuwa wengi: Baba na wanaume uani na majani yanayowaka, wanawake na matumbo na vitunguu, Nasha amekunja mikono hadi mabegani. Sahani ya Mzee Onofrei ilipelekwa mapema, juu ya uzio wake, kama kila mwaka. Yeye haitwi. Nyama ingeharibika.

Sandu alikuja kumsaidia Baba kubeba. Bibi akamwambia aingie ndani apashe mikono moto, mimi nimpe chai. Nilifungua mlango wa jikoni, yeye yuko nyuma yangu, na hapo karibu na jiko Mama amekaa, kifua wazi, Larie ananyonya. Sasa ananyonya kama mfalme: mguu mmoja juu, mkono mmoja unapapasa uso wa Mama, meno yake mawili mapya yanaonekana akitabasamu.

Sikufikiri. Nilinyakua taulo la vyombo nikawatupia. "Mama, jifunike!" Nilipiga kelele — mimi! Taulo likamfunika Larie uso mzima. Akashtuka, akauma. Mama akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia, hata nguruwe hakulia vile. Larie akaachia. Alimtazama Mama kwa muda, mdomo wazi, kana kwamba Mama ni mtu mwingine. Kisha akalia.

Palikuwa na damu kidogo. Sandu alikwishatoka.

Alhamisi, 21 Desemba

Anakataa. Mama akimkaribisha kifuani, anajipinda kama upinde na kulia. Asubuhi hakutaka. Mchana hakutaka. Hata chumba cha nyuma, mapazia yamefungwa. Mama anamwimbia, naye anamsukuma kwa viganja viwili.

Bibi aliuliza jikoni, mbele ya Nasha: kuna kitu kilimtisha? Mama akanitazama. Mara moja tu, kisha akaendelea kumenya viazi. Nikasubiri aseme. Hakusema. Nami sikusema.

Nasha akasema, "Basi kaacha mwenyewe. Una bahati, dada. Wangu niliwapaka pilipili."

Bibi akasema miezi minane inatosha, mtoto wa kiume asizoeshwe. Na mama wa miaka arobaini na mitatu apumzike. Mama alisema kwa sauti ndogo, "Labda ni meno tu."

Ijumaa, 22 Desemba

Imefanyika.

Bibi alimkalisha Larie juu ya kizingiti cha mlango mkubwa, uso nje, mgongo kwa Mama. Baridi iliingia nyumba nzima. Nasha akampa yai la kuchemsha mkono wa kulia na kipande cha mkate mkono wa kushoto. Bibi akasema maneno: lililokuwa la mama limebaki ndani, lililo lako liko mbele, usigeuke. Mtu asimwite mpaka aume yai. Larie alilitazama lile yai. Akalilamba. Akalitupa kwenye theluji, mbwa akalichukua, Nasha akacheka hadi akashika kiuno: "Imetosha, amelilamba!"

Bibi akafunga mlango. Sasa hakuna kurudi. Akimrudia, atakuwa mrudishwa.

Mama alisimama nyuma akiwa amekunja mikono kifuani, nilidhani kwa baridi. Kumbe maziwa yalikuwa yanatoka. Sweta ililowa.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na muda wote ule yai lilipokuwa mkononi mwake. Sentensi moja tu: hakuacha, mimi nilimtisha. Lakini ningesemaje bila kueleza taulo, na Sandu, na kwamba namwonea Mama aibu?

Jumapili, 24 Desemba

Amekumbuka.

Asubuhi alimtambalia Mama, akavuta sketi, akafungua mdomo. Kama zamani! Mama alimnyanyua haraka — na Bibi, bila kuacha kukunja majani ya kabichi na nyama, akasema: "Elisabeta. Kizingiti." Mama akamweka chini.

Larie alilia mpaka watoto wa nyimbo za Krismasi walipofika dirishani. Wao wanaimba nje, yeye ndani. Uji hataki, kikombe anakipiga. Anachukua vijiko vitatu vya maji ya tufaha, basi. Nepi ya asubuhi ilikuwa karibu kavu mchana. Nilimwonyesha Bibi. Akasema watoto wote hulia siku za kwanza, akaniambia niwapelekee waimbaji karanga.

Baba aliuliza mbona kabichi zimepungua ghalani. Ziko ndani ya blauzi ya Mama, majani baridi, kupunguza uvimbe. Ninazileta mimi.

Jumatatu, 25 Desemba. Krismasi

Wengine walikuwa wamelala baada ya chakula. Nilimfuata Mama bandani na majani mapya. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha kukamulia ng'ombe, amewapa ng'ombe mgongo, anajikamua mwenyewe kwenye kopo. Matiti yake yamekuwa magumu kama mawe, na yana mistari myekundu. Analia bila sauti. Paka alikuwa anasubiri kando ya kopo.

Nikasema: Mama, nisamehe, ni mimi, ni lile taulo.

"Najua. Nilikuwepo."

Mbona hukusema kwa Bibi?

"Niseme nini? Kwamba binti yangu ananionea haya? Hilo wanalijua."

Sijui niliweka wapi macho. Ng'ombe aliacha kutafuna.

Kisha akaniambia. Naandika kama alivyosema. "Wewe pia ulinigomea. Umri huu huu, meno haya haya. Nilipiga kelele uliponiuma, ukanisusia. Bibi yako akakukalisha kizingitini na yai lako — wewe ulilila lote. Siku ya tatu ulinitaka tena. Nikakubeba nyuma ya lundo la nyasi, nikakupa. Ulinyonya nyuma ya nyasi hadi ukaweza kusema 'nyasi'. Nyasi ndiyo ilikuwa jina la ziwa kwako."

Nikauliza kama Bibi anajua.

"Bibi yako angejua, ungekuwa unakula kwenye sahani ya juu ya uzio."

Nilikaa chini kwenye majani makavu. Mimi! Nilimwigiza Mzee Onofrei mbele ya darasa zima, vikohozi na mate. Na Mama: tema kwanza, Ruxanda, tema kwanza. Miaka yote.

Nikamwuliza kama ni kweli. Kama nina jicho.

Akasema: "Sijui, mwanangu. Ulimsifu ndama mmoja mwekundu, akafa. Ndama hufa. Ulimsifu Larie siku aliyozaliwa, kabla sijakuzuia, na huyu hapa." Akajifuta uso kwa jani la kabichi. "Wewe nilikuficha. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nyasi zilikuwa nyingi. Sasa Bibi halali, anaona kila kitu. Na nikigunduliwa, huyu ataishi nalo. Watamfunikia vifaranga."

Kopo lilijaa. Mama alimmiminia paka.

Nimejaribu kukumbuka yote niliyowahi kuyasifu. Dirisha la duka lililopasuka. Sauti ya Sandu, ikavunjika mwaka ule ule — lakini sauti za wavulana wote zilivunjika. Anghelina.

Chekechea ina watoto wangapi?

Jumanne, 26 Desemba

Naandika nikiwa nimekaa chini, mgongo kwenye mlango wa stoo. Mwandiko mbaya.

Asubuhi Larie hakulia. Ndilo lililonitisha. Alilala begani kwangu, moto, midomo mikavu, na macho yakamfuata Mama chumba kizima. Kijiko kikigusa mdomo anageuza shingo, polepole, kwa adabu. Daktari wa kijiji amekwenda kwao kwa sikukuu.

Bibi akavaa kitambaa cha maua kumpelekea Nasha mkate wa pete. Baba alikwenda naye. Nikahesabu hatua zao mpaka geti likalia.

Nikasema: Mama, mpe.

Akasema hapana. Akasema, wewe hujui unachosema, umeishi bila kutazamwa.

Nikasema: nimeishi mimi nikitazama viatu. Mpe. Nitakaa mlangoni.

Alinitazama kama Larie alivyomtazama siku ile ya taulo. Kisha akamchukua begani kwangu, akaingia stoo, kati ya soseji na mitungi ya kachumbari, maana stoo haina dirisha. Kwanza hakikusikika kitu. Kisha Larie akalalamika, akajipinda, nilisikia kichwa kikigonga rafu. Mama akaanza kusema kwa sauti ya chini, "Nyasi, nyasi, nyasi," sijui kama alikuwa anasema na Larie au na mimi. Kisha kimya. Kisha ile sauti ya kumeza — ile ile iliyonifanya nitoke mezani kiangazi kizima! Gudu, gudu, gudu. Sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo. Nikatema mate mara tatu, kwa hofu, sakafuni pa Bibi.

Na geti likalia. Mapema mno. Bibi na Nasha pamoja, bila Baba, Nasha amebeba sinia lake chini ya kitambaa. Nikaenda kusimama kwenye kizingiti cha mlango mkubwa. Pale pale pa yai.

"Sogea, mtoto, miguu inaganda," Bibi akasema. "Mama yako yuko wapi?"

Ningesema amelala. Ningesema yuko bandani. Nasha alikuwa anatabasamu. Alikuja kuniambia koti la kazi limepatikana, la buluu, saizi yangu.

"Ananyonyesha," nikasema.

Nililisema neno zima. Mpaka barabarani lilisikika. Mama fulani aliyekuwa akipita na watoto alisimama.

Bibi akasema, nini? Nikasema tena. Nikasema Larie hakuacha, nilimtisha kwa taulo kwa sababu nilikuwa namwonea Mama haya. Nikasema sasa amerudishwa, na kama ni mrudishwa basi tuko wawili, kwa sababu mimi nilirudishwa nyuma ya nyasi nanyi hamkujua, na niwekeeni sahani yangu juu ya uzio karibu na ya Mzee Onofrei. Sikutazama viatu. Nilitazama uso wa Bibi wakati wote, na alipofunika macho kwa kiganja sijui alikuwa analia au anajikinga nami.

Nikafunga mlango. Kwa adabu. Nikaja hapa.

Hawajaondoka. Nawasikia ukumbini sasa. Wameingia, theluji inapigwa chini ya viatu. Bibi anasema kitu kuhusu mama yake mwenyewe, sikisikii vizuri. Sinia la Nasha limewekwa mezani. Mama ndani ananong'ona, "Umesema nini, Ruxanda? Umewaambia nini?"

Nasha amekuja mpaka mlangoni. Vidole vyake viko kwenye mbao, juu kidogo ya kichwa changu.

"Ruxanda. Anghelina wangu umemshika mara ngapi?"

Haulizi kwa ukali. Wala si kwa upole. Anauliza kama anayepima unga.

Ninahesabu. Kila Jumapili, tangu kabla ya sikukuu ya Mama Maria. Na siku ya ubatizo. Na ile wiki mkwe wake alipougua, kila siku. Mtoto yule hajawahi hata kukohoa. Amenenepa hadi bangili zake zimekatwa.

Nasha bado anangoja. Nyuma ya mlango Larie ameachia upande mmoja, amepumua, na sasa amehamia upande wa pili.